Waliokatazwa Kukohoa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, brashi na amri. Enfermeiro Januário, ndiye nesi mkuu wa posto yetu, yaani zahanati ya kijiji, wakati ule, alinionyesha damu iliyoganda chini ya kitanda cha kujifungulia akasema, "Hii ikibaki hapa, mwingine atakuja kufa nayo. Sugua." Sikuwa najua kwamba damu ya mtu mmoja inaweza kumuua mwingine. Nilisugua huku nimeziba pua kwa ncha ya leso, na nilipomaliza akaja akapiga magoti, akachungulia kwa tochi, akasema, "Bado." Nikasugua tena.

Nilikuwa msichana wa quarta classe, yaani darasa la nne, na shule yangu iliishia hapo. Kazi yangu iliitwa servente. Nyinyi vijana mnaoingia kazini leo mkisikia servente mnadhani ni mfagizi. Kufagia kulikuwemo, lakini mimi ndiye niliyewasha moto wa panela ya presha, sufuria zito lenye kifuniko cha kukaza, ambamo mikasi ya kitovu na makoleo hupikwa kwa mvuke mpaka kila kijidudu kife. Ukifungua kabla ya wakati, umepika bure. Ukisahau maji, panela inapasuka. Tena mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa posto. Enfermeiro Januário alitoka mkoa wa mbali wa Zambézia, hakujua neno la huku, na wagonjwa wetu walisema Kimwani, Kiswahili, na wale wa bara Kimakonde. Mama akieleza maumivu yake, mimi nayageuza Kireno. Enfermeiro akijibu, nayarudisha.

Alinifundisha mapema. Mzee mmoja alieleza tumbo lake kwa maneno marefu ya aibu, nami nikamfupishia, nikasema, "Tumbo linamuuma." Enfermeiro akanitazama.

"Mzee amesema maneno mengi, wewe umeleta mawili. Mengine umeyapeleka wapi?"

"Ni ya aibu, bwana."

"Aibu ni yake. Ugonjwa ni wangu. Lete yote."

Tangu hapo nilileta yote.

Baadaye nilihamishiwa Mocímboa da Praia, kwenye kituo kikubwa, chini ya mkunga mkuu tuliyemwita Dona Ermelinda. Mwanamke mnene, mwepesi wa kutukana na mwepesi wa kulia. Alinituma bandarini kupokea katoni za dawa zilizokuja kwa vyombo, na masanduku ya baridi, yale ya kubebea chanjo, yenye vipande vya barafu pembeni. "Sanduku halikai juani hata kama wewe unakaa juani," alikuwa akisema. "Kivuli kikiwa cha mmoja, kipe sanduku." Wachukuzi walinicheka kuniona nimelifunika sanduku kwa leso yangu na kichwa changu kiko wazi. Waliniita mke wa sanduku. Niliolewa nikiwa kule. Zuhura, mwanangu wa pekee, nilimzaa mikononi mwa Dona Ermelinda, naye akanitukana tangu uchungu wa kwanza mpaka kondo lilipotoka. Kisha nikaomba kurudi kijijini, kwa kuwa mama yangu alikuwa amezeeka.

Halafu vita vikaja. Sitaviandika. Mume wangu alibaki njiani, na posto ikaungua. Zuhura alikuwa na mimba ya kwanza, tukakimbia naye msituni, mimba ikatoka chini ya mkorosho na sikuwa na hata maji ya kumnawisha. Mimi niliyeshika mikasi safi kwa wake za watu nikakata kwa kisu cha muhogo. Mtoto hakulia. Hayo tu.

Nilifanya kazi kwenye mahema ya waliohama, chini ya wakubwa waliobadilika kila mara, hata majina yao sikuwahi kuyashika. Watu walipoanza kurudi, nasi tukarudi. Wanaume wakapandisha kuta za posto kwa udongo na mawe ya matumbawe, bati zikaletwa, likaja na friji la jua la kuwekea chanjo na kitanda kipya cha kujifungulia, cha chuma, chenye mahali pa kupandisha miguu. Akaja Enfermeiro Ramos, kijana, mkataba wake wa muda, akiogopa hata kivuli cha askari. Akina mama wa kisiwa cha Rongui walivuka kwa mashua kuja kujifungulia kwetu, maana kwingine kote ni mbali, na barabara ilikuwa na saa zake za kupitika na saa za kutopitika.

Ndipo tukaanza kusikia habari za kufunga. Ati serikali haina manesi wa kutosha, posto ndogo zisizo na wagonjwa zitaunganishwa na vituo vikubwa. Posto ya jirani upande wa kaskazini ilifungwa. Wakachukua friji, wakachukua kitanda, wakaacha ubao wa jina. Mwanamke wa kule alifia kwenye baiskeli akipelekwa kituo kikubwa. Mumewe aliendelea kuendesha bila kujua.

Wakati huo Zuhura alikuwa na mimba ya pili, imekaribia. Miguu ilikuwa inamvimba. Nilikuwa nikibonyeza kwa kidole juu ya kifundo, shimo linabaki. Enfermeiro Ramos alimpima presha akasema, "Dada Zainabo, huyu asikae mbali na posto. Kichwa kikimuuma tu, mlete mbio." Kifafa cha mimba mnakijua? Mama anaanza na kuvimba, kichwa, macho kuona giza, kisha anatupwa na degedege, na mara nyingi wanaondoka wote wawili. Dawa yake ni sindano. Sindano ilikuwepo posto. Kwa hiyo mtu akisema posto ifungwe, mimi nilikuwa nasikia Zuhura afe.

Sasa niwataje wahusika, maana watu wa kwetu wakisimulia husema "walifanya", "walisema", kana kwamba ni upepo. Wa kwanza ni Sumail Anfai, sekretario wa kijiji, yaani mwenyekiti wetu mbele ya serikali. Wa pili ni Abílio, chefe, yaani mkuu, wa mipango ya afya wilayani, ambaye kila alipokuja alipima friji letu kwa macho kama mtu anayetaka kuposa.

Diretora, yaani mkurugenzi wa afya, Dokta Celeste, alikuwa mgeni wilayani. Ikaja habari kwamba anakuja kuitazama posto yetu mwenyewe, na Abílio pamoja naye, wakisindikizwa na msafara wa askari. Sekretario aliambiwa wazi kwamba siku hiyo ndiyo itakayoamua kama posto inabaki. Hakutuambia. Alituambia wageni wanakuja, basi.

Mnajua desturi yetu ya kupokea wageni. Mkeka mpya unatandikwa, uwanja unafagiwa mpaka mchanga unaonyesha mistari ya ufagio, wanawake wanavaa leso za rangi moja na kupaka usoni msiro, ule unga mweupe wa mti wa urembo. Na kama nyumbani kuna mgonjwa, anapelekwa kwa jirani. Mgeni haonyeshwi matapishi. Ni heshima kwake na sitara kwenu. Kwa harusi na kwa matanga ni desturi nzuri, sina neno nayo. Sumail Anfai akaichukua desturi hiyo akaipeleka hospitali.

Alikuja asubuhi na mapema nikiwa nawasha moto wa panela.

"Mama Zuhura, leo sitaki kuona mtu hapa anatapika, sitaki kikohozi, sitaki kidonda. Wageni wakute pasafi."

Nilidhani anatania. "Sekretario, hao wanakuja kuona hospitali. Hospitali ni wagonjwa."

"Wanakuja kuona kijiji. Unataka waseme watu wa hapa ni wachafu, kila mtu anaumwa?"

"Kila mtu hapa kweli anaumwa."

"Wewe fagia," akasema. "Mdomo wako utauhitaji baadaye kutafsiri."

Nikamfuata Enfermeiro Ramos. Alikuwa ananyoosha koti lake jeupe. "Dada Zainabo, mimi mgeni hapa," akasema bila kunitazama. "Yeye ndiye anayesaini kwamba nipo kazini." Kijana wa watu. Nisimtie kwenye orodha ya wabaya, lakini nisimtoe pia.

Vijana wa sekretario wakasimama njiani. Kila aliyekuja posto asubuhi ile alirudishwa, na waliotoka mbali hawakuweza kurudishwa, wakapelekwa mahali pa kungoja. Mimi sikuona wapi. Nilikuwa napanga viti.

Msafara ukafika jua likiwa limepanda. Ngoma, vigelegele, leso za rangi moja. Dokta Celeste alishuka, mwanamke mwembamba, miwani, viatu vimejaa vumbi. Akaingia posto. Aliangalia sakafu niliyoisugua, akaangalia benchi la kungojea. Tupu. Akafungua chumba cha uzazi. Kitanda kimetandikwa shuka jeupe. Tupu. Akauliza kwa Kireno, "Wagonjwa wako wapi?"

Enfermeiro Ramos akafungua mdomo, akamwona sekretario, akaufunga.

Abílio akasema, "Diretora, ndivyo nilivyokueleza. Dawa zinakuja, friji linafanya kazi, watu hakuna. Kule kituo kikubwa wanalala chini." Kisha akawapa ishara wapakizi wa lori aliokuja nao. Walikuwa wameshakuja na spana mfukoni! Wakati sisi tunaelekea barazani kwa mkutano, nikasikia nyuma yangu chuma kinalia. Wanafungua miguu ya kitanda.

Mkutano ukaanza. Dokta Celeste akasema kwa Kireno, nami nikageuza neno kwa neno. Alisema anasikitika. Alisema nesi mmoja hawezi kukaa mahali pasipo na kazi wakati kwingine watu wanakufa kwa kukosa nesi. Alisema posto itafungwa na vifaa vitaondoka leo na msafara. Wanawake wenye msiro usoni wakatazamana. Hapo ndipo walipojua wamepigia vigelegele kitu gani.

Nilimtazama sekretario. Nilidhani sasa atasema. Alisimama, akarekebisha kofia, na wallahi alichosema ni hiki: "Mwambie diretora kijiji chetu ni kisafi, watu wake ni wazima kwa sababu ya uongozi mzuri. Na kwa usafi huu tunaomba posto ibaki."

Akakaa. Dokta akanigeukia. "Amesema nini?"

Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao. Nikiyageuza maneno yale, Abílio atapiga makofi. Nikayatazama, nikaona sitayabeba.

Nikamwambia kwa Kiswahili, mbele ya wote, "Hilo silitafsiri."

"Nini?"

"Silitafsiri, Sumail. Tafuta mdomo mwingine."

Baraza zima likavuta pumzi. Kumwita sekretario kwa jina tupu, mbele ya wageni, mwanamke, servente!

"Wewe mfagizi!" akasema. "Geuza nilivyosema!"

Mzee wa msikiti akaniambia taratibu, "Mwanangu Zainabo, aibu hii ni ya kijiji kizima."

"Aibu ni yetu, shehe," nikasema. "Lakini tusizikwe nayo." Nikamgeukia Dokta kwa Kireno changu cha kuokoteza. "Dokta, wagonjwa wapo. Wamefichwa ili wewe ukute pasafi. Ni heshima yetu, heshima ya kijinga. Nipe muda nikuonyeshe."

Abílio akacheka. "Diretora, sasa atakuletea watu wazima wajikunje matumbo. Na msafara unaondoka kabla ya alasiri, barabara haingoji mtu." Kamanda wa askari naye akatazama saa yake.

Dokta Celeste alinitazama, sijui aliona nini. "Wako wapi?"

Sikujua! Nilikuwa nimesema nitamwonyesha na sikujua mahali. Nikageukia wanawake. "Jamani, wamewekwa wapi?" Wakatazama chini. Wanamwogopa Sumail, kugawa misaada kunapita mikononi mwake. Nikamwona Bi Atija, mke mdogo wa sekretario, na leso yake mpya. Aligeuza tu uso wake kuelekea nyumba yake mwenyewe, akaganda hivyo.

Nikaondoka, Dokta nyuma yangu, Abílio nyuma yake akilalamika kwamba huu ni utovu wa nidhamu. Tukazunguka nyumba ya sekretario. Nyuma kuna ua wa makuti, ule wa kupikia. Nikasukuma mlango.

Walikuwa wamekaa chini, wamepangana ukutani kama watu walioshikwa. Wanawake wa Rongui na watoto wenye homa migongoni. Mzee wa kifua kikuu. Kijana mwenye mguu uliooza kwa kuchomwa na ndoano. Na kila mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa, maana walikuwa wamekatazwa kukohoa. Ngoma zilipopigwa walikuwa wanasikia. Mzee wa kifua macho yalikuwa yanamtoka kwa kuzuia. Aliponiona akauliza kwa kunong'ona, "Wameondoka?"

"Kohoa, baba," nikamwambia.

Akakohoa. Wote wakaanza. Dokta Celeste akasimama mlangoni akiwa ameshika nguzo.

Kisha nikaona leso ninayoijua. Pembeni, karibu na jiko, Zuhura wangu, amelala ubavu. Alikuwa ameamka na kichwa, akaja posto kunitafuta, vijana wakamzuia wakamleta hapa. Wakamwambia mama yako ana kazi na wageni.

"Mama," akasema, "nakuona nusu."

Dokta alikuwa ameshapiga magoti. Akabonyeza mguu, shimo likabaki. Akatoa kipimo cha presha mkobani, akapima, akapima tena. "Ana uchungu tayari," akasema. "Nani amemweka huyu hapa?"

Sikumjibu, nilikuwa nimemwinua Zuhura kwapani. Wanawake wa Rongui walioumwa wenyewe wakashika miguu. Tukatoka naye mbio kupitia katikati ya baraza, katikati ya mikeka mipya. Posto tukakuta kitanda hakipo. Kiko juu ya lori.

Dokta Celeste alipiga ukelele ambao sikuutegemea kwenye mwili ule mdogo. "Teremsheni! Teremsheni kitanda!"

Wapakizi wakamtazama Abílio. Abílio akasema, "Diretora, utaratibu..."

"Mimi ndiye utaratibu. Teremsha!"

Kitanda kikateremshwa kikiwa hakina miguu, tukakiweka juu ya mawe. Enfermeiro Ramos akachoma sindano, kwanza taratibu kwenye mshipa, kisha za makalio. Sindano ile inauma kama moto. Zuhura hakulia. Mimi nilikaza kifuniko cha panela na kuangalia moto, kwa sababu mikasi ilihitajika na hakuna mwingine aliyejua. Kamanda alikuja mlangoni kusema wanaondoka. Dokta akamjibu bila kugeuka, "Nendeni." Msafara ukaondoka bila yeye, Abílio ndani, lori tupu.

Adhana ya magharibi ilitukuta bado tunahangaika. Mtoto alitoka wa buluu, kimya. Nilisikia ule ukimya wa chini ya mkorosho ukirudi. Enfermeiro akamfuta, akamfyonza pua, akampuliza kwa mpira wa hewa, tena na tena. Kisha ikatoka sauti ndogo, ya kukwaruza. Zuhura akauliza, "Ni yeye?"

"Ni yeye," nikasema. "Analalamika."

Posto haikufungwa. Dokta Celeste alilala kwenye benchi la kungojea, na kulipokucha aliwapima wote wa uani kabla hajatafuta usafiri. Abílio bado yuko mipango. Na Sumail Anfai bado ni sekretario. Huwaambia wageni kwamba siku ile yeye ndiye aliyewakusanya wagonjwa nyumbani kwake ili daktari awaone kwa urahisi. Wapo wanaoitikia kwa kichwa, na baadhi yao nilikuwa nao barazani.

Mimi niliambiwa muda wangu wa kustaafu umefika, ingawa umri haukuwa umefika. Servente anayemwita kiongozi kwa jina tupu mbele ya wageni hawezi kukaa. Nani alipeleka maneno hayo wilayani, mnamjua. Hakuna aliyenisindikiza. Ramos alilia, akabaki.

Watu huniuliza kama nimesamehe. Sijasamehe. Kazi niliipenda, ndiyo maana. Nyinyi mtakaoshika brashi na panela baada yetu, mkubwa akija msimfichie damu. Mwacheni aikanyage.

Juzi goti lilinisumbua, nikaenda posto kama mtu yeyote. Servente mpya hanijui, msichana wa bara. Nilikuta benchi limejaa, wengine wamekaa sakafuni, watoto wanalia, mtu anatapika kwenye ndoo. Nikangoja. Nikangoja mpaka mgongo nao ukaanza. Nikaanza kunung'unika kwa sauti, kwamba manesi wa siku hizi wazembe, kwamba zamani foleni hazikuwa hivi. Nikamwambia mama mmoja kijana aliyekuwa mbele yangu anipishe, mimi mtu mzima.

Alinigeukia, mtoto begani, macho mekundu ya homa.

"Bibi," akasema, "hapa sote tunaumwa."

Nikasogea, nikampa mgongo wake nafasi ya kuegemea.